Nusura

Osmond Tregear, mwana wa mchimba dhahabu,
aliingia Melbourne na viatu vya babake
vilivyomzidi kwa vidole viwili.
Alivijaza magazeti ya Jumanne.
Mwaka ulikuwa themanini na sita, karne ile.
Timu ya machimbo ya mawe ilikuwa na pengo:
toroli lilimponda Hurtle Venn mkono,
na mtu mrefu hakosi wa kumwita.

Walimpigilia vipande vya ngozi kwenye soli,
wakampa jezi yenye jasho la mwingine,
wakamwambia: daka, piga mbele, usimpige mtu
refa akiwa anatazama.

Mpira wenyewe haukuwa duara.
Ulikuwa yai lililokataa kuanguliwa,
ukidunda huku ukikusudia kule,
na uwanja ulikuwa wa ng'ombe siku sita za juma,
kwa hiyo Jumamosi waliangukia mavi,
wakainuka, wakaendelea.
Milingoti minne kila upande, bila mtambaa panya.
Kati ya ile miwili ya ndani, goli.
Kati ya wa ndani na wa nje,
hapo ndipo ilipo habari yangu.

Siku hizo mpira uliopita pale
mwamuzi aliuona, karani aliuandika,
na haukuhesabiwa.
Gazeti liliutaja kama mtu anavyotaja manyunyu.
Lugha yangu inalo neno lake: nusura.
Nusura liingie. Nusura tushinde.
Ajabu ni kwamba neno hilo hilo
ndilo analolia mtu anayezama.

Misimu minane. Michezo mia na saba.
Magoli manne.
Nusura, sitini na tatu.

Yale manne nitayasema upesi.
La kwanza alipiga yeye na upepo.
La pili, mlinzi aliteleza.
La tatu hakuliona, tope lilikuwa machoni.
La nne lilikuwa zuri, zuri kabisa,
na siku hiyo walifungwa tisa.

Lakini Agosti ya tisini na moja!
Timu sawa, kengele iko mkononi mwa mpigaji,
Osmond amedaka juu ya mabega ya watu wawili.
Wanawake kwenye uzio, ambao mchana kutwa
walikuwa wakiwachoma wageni kwa pini za kofia,
walinyamaza, pini zikabaki hewani.
Loveday, mkewe, alikuwa miongoni mwao.
Aliupiga. Ukaenda, ukaenda,
ukainama kidogo tu, kama mzee anayesikiliza,
ukapita upande wa nje wa mlingoti.

Sare.
Usiku ule Loveday alimfungua kamba za viatu.
Hakuuliza. Viazi vilikuwa vimeungua, wakavila.

Kulipwa kulikatazwa. Hata hivyo baada ya mchezo mzuri
alikuta shilingi mbili ndani ya kiatu,
na katibu wa klabu alikuwa akitazama dari.
Benki zilipofunga milango, mwaka wa tisini na tatu,
kiatu kilikuwa na mguu tu.
Msimu huohuo goti likalia kama kuni mbichi.
Akarudi kupasua mawe, ameketi.

Mwaka wa tisini na saba wakabadili hesabu:
goli ni sita, na kukosa kidogo ni moja.
Osmond sasa alikuwa mwamuzi wa golini,
koti jeupe, bendera mbili,
akichechemea toka mlingoti hadi mlingoti.
Goli, alipeperusha zote.
Nusura, aliinua moja,
na watu walisema mzee yule huinua ile moja
juu zaidi, na huchelewa kuishusha.

Jioni moja Loveday alichukua penseli.
Manne mara sita. Jumlisha sitini na tatu.
"Themanini na saba," alisema. "Kumbe."
Osmond alikuwa akikuna goti.
"Ile ya Agosti umeiweka?"
"Nimeiweka."
"Basi tulishinda," akasema,
akatoka nje kuanua koti lake
kabla mvua haijalikuta.